Kiporo cha Taifa

Hapo zamani, wala si zile za kale bali za juzi tu, ambazo mashahidi wake bado wana meno, palikuwa na nchi iliyoongozwa kwa busara kupita nchi zote. Jina lake silitaji, kwa sababu sheria inakataza kulitaja bila kusimama wima, nami naandika nimekaa.

Katika nchi hiyo watu hawakula nyama wote kwa siku moja. Siku ya Shibe, ambayo ndiyo sikukuu ya taifa, ng'ombe walichinjwa, wakapikwa, na wakubwa wakala. Kilichobaki kiliitwa Kiporo cha Taifa, nacho ndicho kilikuwa haki ya mwananchi kwa mujibu wa katiba. Kati ya kula kwa wakubwa na kula kwa wananchi palikuwa na hotuba, na kwa kuwa kila aliyeshiba alikuwa na neno la shukrani, hotuba zilianza Alhamisi zikaisha Jumapili.

Utauliza: nyama iliyokwisha pikwa hukaaje Alhamisi mpaka Jumapili, katika joto lile, bila kuharibika? Swali zuri. Aliyeliuliza mara ya mwisho bado yuko ndani.

Lakini zamani jibu lilikuwepo, tena halikuwa mali ya mtu mmoja. Alilijua mke wa mtu, alilijua kapera, alilijua hata bwana harusi wa jana. Nyama ikishaiva na watu wakishakula, hukuiacha kwenye sinia mpaka mazungumzo yaishe. Uliikata vipande, ukaitandaza kwenye vibakuli vidogo visivyo na kina, ukaiacha mvuke uishe, halafu ukafunika na kuiweka penye baridi. Kesho yake uliichemsha mpaka itokote hadi ndani, si kuipasha juu juu. Na ukishaitoa ulikula ukaimaliza, hukuitoa na kuirudisha kama mke wa talaka rejea. Ndivyo Kiporo kilivyogawanywa nyumba kwa nyumba siku zile. Kila nyumba ilitunza fungu lake, Jumapili ikifika tunachemsha, tunakula, na hakuna aliyeshika tumbo.

Hilo la kutoshika tumbo ndilo lililokuja kuitia serikali wasiwasi.

*

Wizara ya Viporo na Umoja iliundwa asubuhi, na ilipofika adhuhuri ilikuwa tayari ina magari. Waziri wake wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Lukindo, mtoto wa kwetu Chumvini. Tulipolisikia jina lake redioni tulipiga vigelegele. Naandika hivyo ili mjue tulikuwa watu wa namna gani.

"Ndugu wananchi," akasema, "serikali yenu imefanya utafiti wa kina, na imegundua jambo la kusikitisha. Majumbani mwenu, kwa siri, watu wanagawanya! Huyu ana kibakuli chake, yule ana kibakuli chake. Leo wanagawanya nyama. Kesho watagawanya nini? Nyama iliyogawanywa ni vipande. Nyama isiyogawanywa ni taifa! Kuanzia sasa, vibakuli basi. Kila mtaa utakuwa na sufuria moja, na nchi itakuwa na Sufuria Kuu. Nyama itaingia ikiwa ya moto, na mfuniko utakazwa hapo hapo, ili joto la uzalendo lisitoke."

Daktari Mwasaga wa hospitali yetu alipiga simu redioni kuuliza. "Sufuria kubwa namna hiyo," alisema kwa adabu, "likifungwa la moto, katikati patabaki uvuguvugu mchana kutwa na usiku kucha, na uvuguvugu ndio kitanda cha vijidudu." Mtangazaji akamshukuru. Wiki ile ile Daktari akapandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Mifugo katika kisiwa kisicho na mifugo.

Vibakuli vikakusanywa. Watoto wachanga wakanyweshwa uji kwenye ndoo, na ilikuwa picha nzuri sana gazetini.

*

Mimi yaliyonisomesha ni magazeti yaliyofungiwa nyama buchani, na habari uliyoisoma ikiwa na mafuta haitoki kichwani. Kwa hiyo namkumbuka Lukindo kabla hajawa Mheshimiwa.

Tulikuwa wafanyakazi wa mashamba ya chumvi. Kampuni ilitufungia maji ya kunywa, ikasema anayetaka maji anywe yale anayofanyia kazi. Tukagoma. Kampuni haikutupiga. Ilifunga barabara, ikafunga maduka, ikakaa kivulini kusubiri njaa ifanye kazi ya askari. Walitujua: mtu asiye na akiba ya chakula hugoma mpaka saa ya chakula.

Wasiyemjua ni Shangazi Sikudhani. Huyu alikuwa mpishi wa shughuli, mama wa sauti na maringo, aliyeamini kwamba wanawake wengine wote duniani huunguza hata maji. Wafugaji walituletea fahali wawili kabla barabara haijafungwa. Akawapika wote kwa chumvi yetu wenyewe, akaikaanga nyama mpaka maji yakaisha, akaipanga kwenye vijungu vidogo vidogo na kuifunika kwa mafuta yake yenyewe. Amri yake ilikuwa fupi: kijungu kikifunguliwa kimalizwe, kisichofunguliwa kisiguswe.

Mbele ya banda tulimojificha aliweka meza, na juu ya meza aliweka kawa yake, ule mfuniko wa ukili, majani ya mkindu yaliyosukwa, uliochongoka kama paa la msonge, ambao kila nyumba ya kwetu hufunikia chakula. Kawa ikisimama, ncha juu, karibu ule. Kawa ikiwa imepinduliwa, mdomo juu, usile. Hata kama unakufa njaa, hata kama ukinusa unaona haina neno. Yako mambo mengi tuliyobishania katika mgomo ule. Kawa haikubishwa.

Siku moja Lukindo, wakati huo mwembamba kama ufito, alitia mkono kwenye kijungu kilichokuwa chini ya kawa iliyopinduliwa. Shangazi akamchapa mwiko kwenye mkono wa kulia mpaka akalia. Kesho yake mbwa aliyekula kile kijungu akafa. Lukindo akapiga magoti mbele yetu sote: "Shangazi, nikipata cheo wewe utakaa kiti cha mbele, na kawa yako itachorwa kwenye noti."

Mvua zikaanza, mvua zikaisha, sisi bado tunakula. Kampuni ikachoka, ikafungua maji. Lukindo akabebwa juu juu, na tangu siku hiyo sijaiona miguu yake ikigusa ardhi.

*

Sasa niwaeleze habari za Balozi Kirumbi, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyehamia kwetu miaka mingi baada ya mgomo. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomponza. Aliamini. Sufuria la mtaa lilipoanza kunuka, Wizara ilitangaza kwamba ile ni harufu ya umoja, naye kila asubuhi akapita nyumba hadi nyumba, pua mbele, kuhakikisha kila mtu amepata.

Ikawa Shangazi Sikudhani amefiwa na mumewe, na siku ya arobaini akachinja ng'ombe. Watu wakasoma, wakala, wakaondoka, nyama ikabaki. Asubuhi yake Balozi Kirumbi akabisha hodi.

"Karibu, Balozi. Vua viatu, nimepiga deki."

"Nimekuja kikazi, Bi Sikudhani."

"Hata kikazi viatu huvuliwa."

Akavua. Akanusa sebuleni, akanusa jikoni, akanusa uani.

"Bi Sikudhani, kwako hakunuki."

"Ahsante."

"Si sifa hiyo, ni tuhuma! Mtaa mzima unanuka. Kwa Imamu kunanuka. Kwangu mimi mwenyewe kumenuka mpaka mke wangu amerudi kwao. Harufu ya umoja kwako iko wapi?"

"Labda ilifika mlangoni, ikakutana na viatu vyako, ikarudi."

Balozi akafungua friji. Mle ndani kulikuwa na vibakuli. Vidogo, vimepoa, vimefunikwa, vimepangwa kama watoto wa madrasa. Akashika kichwa.

"Bi Sikudhani! Umegawanya!"

"Nimegawanya. Hivi vya wajukuu. Hivi vya waliochimba kaburi. Hiki cha jirani yangu mgonjwa. Na hicho cha pembeni chako wewe. Ulilibeba jeneza, sijasahau."

Balozi Kirumbi akalia. Alilia kweli, machozi yakamdondoka miguuni pasipo viatu. Kisha akapuliza filimbi.

*

Mahakama ya Viporo ilijaa watu wa Chumvini. Tulikuwa na furaha, wapumbavu sisi, maana Shangazi alikuwa ameomba shahidi mmoja tu, na shahidi huyo amekubali kuja. Neno moja la Lukindo lingemaliza kesi. Alitakiwa aseme: nililishwa hivyo hivyo, nikaishi.

Mwendesha mashtaka alianza na vielelezo. "Mheshimiwa Jaji, vibakuli hivi vilikamatwa siku kadhaa zilizopita, tukavitunza kwenye friji la mahakama. Tumevikagua. Havijaoza."

"Havijaoza?" Jaji akavua miwani.

"Hata kidogo. Ni hatari tupu."

Ukumbi ukaguna. Lukindo akaingia, watu wakasimama, akaketi kwenye kiti alichokuja nacho. Shangazi akaegemea kizimba kama aliyeegemea dirisha la jikoni kwake.

"Lukindo mwanangu, hujambo? Umenenepa, alhamdulillahi."

"Mshtakiwa," Jaji akakemea, "shahidi huitwa Mheshimiwa."

"Huyu nilimpaka dawa ya choa kichwani, Jaji. Kwenye choa sikuuona huo uheshimiwa." Watu wakacheka. "Haya, Mheshimiwa, waambie. Umekula nyama yangu ya kwenye vijungu msimu mzima wa mvua. Ulikufa?"

Tukacheka tena. Lukindo hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliochapwa mwiko, akaugeuza, akauweka mfukoni.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "mama huyu simfahamu. Mgomo wa chumvi ulishinda kwa kufunga. Tulishinda kwa njaa. Nyama haikuwepo. Na kama ilikuwepo, basi ilikuwa nzima, haikugawanywa."

Nilimtazama Shangazi nikitegemea atapiga kelele, yeye ambaye kelele ndizo zilikuwa pumzi yake. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu: "Lukindo. Wewe."

Akahukumiwa akae gerezani mpaka atakapoungana. Ataungana na nani, hakuna aliyeeleza. Walipokuwa wanamtoa alitukuta tunalia mlangoni. "Mnalia nini nyie? Nani kati yenu anawalisha wajukuu zangu?" Tukafuta machozi, tukagawana wajukuu.

Mwaka ule ule kikatoka kitabu kipya cha shule. Sura ya kwanza: Jinsi Lukindo Alivyofunga. Kina picha yake akiwa mwembamba. Hiyo picha ni ya kweli, nilikuwepo ilipopigwa. Wamekata tu upande wenye meza.

*

Siku ya Shibe ilipokaribia nilikwenda gerezani kumtazama Shangazi. Nilimkuta amekonda, lakini maringo yako pale pale. Alinieleza kwa kirefu jinsi mpishi wa gereza alivyo mkosaji mbele ya Mungu. Halafu akasogea karibu na nondo.

"Juzi alikuja Lukindo."

"Kuomba radhi?"

"Kuomba nyama."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Si sheria inasema Waziri aonje kwanza, Jumapili, mbele ya watu wote?" akasema. "Basi amekuja. Leo ananijua, leo mimi ni Shangazi. 'Shangazi, lile sufuria likifunguliwa wa kwanza kuonja ni mimi, na lilivyo unajua, na mimi najua.' Anataka nimpikie nyama yake, niiweke kwa namna yetu, kibakuli kitundikwe kwa ndani, ukingoni mwa Sufuria Kuu. Watu wakitazama, achote humo."

"Ukamjibu nini?"

"Nimekubali, kwa sharti nikipeleke mwenyewe uwanjani. Ameapa atanitoa Jumatatu."

"Aliapa na zamani."

"Unanifundisha? Aliniapia mimi."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia kwa hiyo yeye atakula salama mbele ya macho yetu, ili sisi tukiona anatafuna tule uozo. Askari akagonga rungu ukutani, Shangazi akanionya kwa jicho.

"Anakumbuka kila kitu, mwanangu. Hapo ndipo ninapoumia. Angekuwa amesahau kweli ningemsamehe, kusahau ni ugonjwa. Yeye hajasahau hata chembe. Katika serikali nzima ni yeye peke yake anayejua kuwa mwenye kijungu cha nyama isiyooza hatishiki kwa njaa. Haogopi kugawanyika kwa taifa, huyo. Anaogopa vijungu."

Kisha akaongeza, "Niletee kawa yangu. Ile kuukuu. Kibakuli hakiendi kwa mkubwa kikiwa wazi."

Nikampelekea. Askari wa lango akaivaa kichwani, akawachekesha wenzake, akaipitisha.

Kuhusu yale aliyoniambia, nilisimama sokoni nikayasema kwa sauti. Wazee wa chumvi walinisikiliza. Vijana wakaniambia, "Wivu huo, mzee. Mwenzio ni Waziri, wewe unapigana na sufuria."

*

Jumapili ikafika. Sufuria Kuu lilikuwa katikati ya uwanja, linapandwa kwa ngazi, na mfuniko wake uliinuliwa kwa winchi. Ulipoinuka, safu ya mbele ya wageni waalikwa ikazimia, na mtangazaji akaeleza kuwa wamezidiwa na uzalendo. Bendi ikaamriwa ipige kwa nguvu zaidi, kana kwamba harufu huingilia masikioni.

Lukindo akapanda ngazi. Nyuma yake akapanda Shangazi na nguo zake za kifungo, amebeba kitu kidogo kilichofunikwa kwa kawa. Kwa wengi alikuwa mfungwa aliyeletwa kutumika. Akainama ukingoni, akatundika alichotundika. Lukindo akazamisha kijiko, akachota, akatafuna taratibu, kila mtu amwone.

"Tamu!" akasema kwenye kipaza sauti. "Ina ladha ya umoja!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Na katika shangwe hiyo Shangazi Sikudhani akaiinua kawa yake juu kwa mikono miwili, akaizungusha tuione sote, akaisimika ukingoni mwa Sufuria Kuu. Imepinduliwa. Mdomo juu.

Mimi nilikuwa chini ya ngazi. Sikuitazama kawa, maana yake nilikuwa naijua. Nilimtazama Lukindo. Naye aliiona. Kijiko kilisimama hewani. Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja, na neno lenyewe ni dogo: msile. Angelisema, mimi ningekuwa wa kwanza kumbeba tena juu juu.

"Karibuni," akasema.

Wazee wa chumvi waliweka sahani chini, mmoja mmoja, uwanja mzima. Ukiwa umesimama juu ungewaona kama taa zinazozimika. Lakini sisi tulikuwa wachache, na vijana walikuwa wengi, na kitabu chao hakina kawa. Waliopakana nasi tukawashika mikono. Wengine wakasikia, wengi wakatusukuma. Jirani yangu alikuwa Balozi Kirumbi, amevaa nishani yake ya bati yenye umbo la sufuria.

"Balozi, weka chini. Kawa imepinduliwa."

"Ndiyo nini?"

"Ikipinduliwa hakiliwi."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Mzee mwenzangu," akasema kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mwema, "mimi namwamini mtu niliyemwona kwa macho yangu akitafuna. Wewe unaamini ukili."

Akala. Akamaliza. Akamshukuru Mungu, akaangalia kama kuna nyongeza.

*

Jioni hospitali ilikuwa imejaa mpaka nje ya lango, na Daktari aliyeijua dawa ya tumbo lile alikuwa kisiwani anahesabu mifugo isiyokuwepo. Watu walilazwa kwenye mikeka, kwenye kanga, kwenye mabango ya sherehe. Wengi waliinuka baadaye. Wengine hawakuinuka.

Balozi Kirumbi nilimkuta ukumbini, nishani bado kifuani. Nikamwinua kichwa nimpe maji.

"Nilimwona akila," akasema.

"Ulimwona."

"Sasa yeye alikula nini?"

Nilitaka kumficha. Lakini nimeshafichwa mambo mengi katika nchi ile, sikuona haki na mimi nimfiche mtu anayekufa. "Alikula kibakuli cha Sikudhani."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Na changu kilikuwepo. Cha pembeni." Hakusema lingine.

Serikali ikaunda Tume. Tume ikaketi, ikala, ikatoa taarifa: nyama ya Sufuria Kuu ilikuwa salama kabisa mpaka dakika ile kawa ilipopinduliwa. Jumatatu ikafika, Shangazi hakutolewa. Alifunguliwa shtaka jipya ambalo halikuwahi kuwepo, la Kujua Kabla ya Serikali. Mheshimiwa Lukindo aliliambia Bunge kwamba hakuwahi kumwahidi mfungwa yeyote kitu chochote, na kwamba anasikitishwa na watu wanaokumbuka. Hukumu ya safari hii ilikuwa wazi kuliko ya kwanza: atakaa ndani mpaka asahau.

Kila mwezi serikali humtuma karani amuulize kama ameshasahau. Kila mwezi Shangazi humweleza karani namna ya kuhifadhi nyama, tangu mwanzo, na kumwonya asiifunike ikiwa ya moto. Karani wa nne sasa huyo. Nasikia watatu wa kwanza wote wana vibakuli majumbani.

*

Uchaguzi ulipowadia, Lukindo alirudi Chumvini kuomba kura. Hatukumzomea. Kuzomea kuna sheria yake. Tulimpokea kama mila zetu zinavyotaka mgeni apokewe: kila nyumba ilitoa meza mlangoni, na juu ya kila meza tukaweka kawa. Zote zimepinduliwa. Kuanzia nyumba ya kwanza mpaka msikitini, midomo juu, kama vifaranga vinavyosubiri.

Alishuka garini, akaziona, akasimama.

"Mheshimiwa," msaidizi wake akauliza, "watu wa huku mbona wanafunika kinyume?"

"Ni mila yao," akasema. "Ndivyo wanavyomkaribisha mgeni."

Tukaleta sinia. Nyama imetoka jikoni muda ule ule, laini, ya moto, yenye ndimu na pilipili. Wallahi haikuwa na kosa lolote. Wasaidizi wake wakanawa, wakashambulia, wakasifu, wakaomba tena, na mpaka leo wazima. Yeye peke yake hakula. Tulimbembeleza: "Kula, mwanetu. Kula, Mheshimiwa. Mbona huli?" Jasho likamtiririka. Mkono wa kulia ulitoka mfukoni, ukafika karibu na sinia, ukarudi. Ametoka asubuhi hajatia kitu kinywani, na njaa yake tuliiona kooni inapanda na kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Lukindo akafunga kweli.

Akaondoka. Kawa zetu hatujazigeuza. Wizara imetuma watu kuuliza maana yake, nasi tumewaonyesha kitabu cha shule: humo hakuna kawa, kwa hiyo haina maana. Zitasimama siku ile Shangazi Sikudhani atakapopita njia hii kwa miguu yake na kuzisimamisha mwenyewe, moja baada ya moja, huku akitutukana kwa namna tulivyozisuka.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa njema, msiibebe nzima. Igawanyeni vipande vidogo vidogo, kila nyumba ihifadhi chake, kisioze. Ikiwa mbaya, ipelekeni kwenye Sufuria.